Kumbukumbu ya Siku Ile

Sehemu zilikuwa thelathini na moja, na zilitakiwa kuwa thelathini.

Nirmin alizihesabu kwa macho, akazihesabu tena kwa ncha ya kalamu juu ya kioo cha kompyuta, kisha akaiachia mashine ihesabu yenyewe. Thelathini na moja. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua la Kairo limeshatanda juu ya mapaa ya Abbasiya, na wenzake ofisini wanabishana nani ashuke kununua mikate ya maharage. Utasema sehemu moja kuzidi si msiba. Nami ningesema hivyo kama nisingejua yaliyofuata. Tena ondoa fikra kwamba majini husubiri giza. Nimeishi mji huu miaka mingi, na wa huku hufanya kazi saa za ofisi.

Kazi ya Nirmin ilikuwa hivi. Programu isiyoendeshwa ni faili tu, limelala kwenye diski. Ukiiendesha, kompyuta hulinakili faili kwenye kumbukumbu yake, na humo ndimo programu inamoishi, inatembea, inafanya kazi. Faili lina kichwa, kama ukurasa wa kwanza wa pasipoti: mimi ni wa aina gani, naanzia wapi, nina sehemu ngapi na kila moja inaitwaje. Nirmin alikuwa bingwa wa kuingia ndani ya programu ikiwa hai, akasoma kichwa hicho humo humo kwenye kumbukumbu, akayafuata majedwali yake mpaka ajue kipi kiko wapi na kipi kinaumwa. Alitumia programu nyingine waliyoiita kikaguzi. Umri wake miaka thelathini na minne, hajaolewa, anaishi na mama yake, na hakuna aliyemshinda kwa kazi hiyo. Alilijua hilo, na alipenda wengine walijue.

Programu aliyokuwa akiisoma ilikuwa ya kengele. Ilikaa kwenye kompyuta ya wodi ya mahututi katika hospitali moja ambayo sitaitaja, ikiangalia vitanda kumi na viwili, na Nirmin aliifikia kwa mtandao kutoka ofisini. Moyo wa mtu ukisita, inapiga kengele mezani kwa muuguzi. Sauti za mashine za vitandani zilikuwa zimezimwa ili wagonjwa walale, kwa hiyo kengele ilikuwa hiyo moja tu. Jioni ya ishirini na tatu Ramadhani, watu wakiwa tarawehe, moyo wa Ustadh Labib, mwalimu mstaafu wa kitanda cha saba, ulisita, na muuguzi wa zamu hakuinuka. Muuguzi huyo ni Tahani. Alisema kengele haikulia. Hospitali ikasema ililia, kampuni iliyoitengeneza programu, ambako Nirmin ameajiriwa, ikasema ililia, na mwalimu akazikwa. Sasa Tahani yuko mahabusu kwa kosa la uzembe uliosababisha kifo, watoto wake wawili wamelelewa miezi miwili na shangazi yao, na kesi yake inangoja karatasi moja: ripoti ya mhandisi. Mpaka ripoti itoke, mwendesha mashtaka alikuwa ameamuru programu ile isizimwe. Mhandisi wa kuandika ripoti ndiye Nirmin.

Shawqi, mwenye kampuni, aliingia na glasi yake ya chai.

"Mhandisi, ripoti iko wapi? Mwendesha mashtaka ananipigia kila siku kama mchumba."

"Bado naangalia."

"Unaangalia nini tena? Faili nimelilinganisha mimi mwenyewe na la kwetu, herufi kwa herufi, halina doa. Na daftari la matukio linasema wazi: saa mbili na dakika ishirini, kitanda cha saba, kengele imepigwa. Mama wa watu alisinzia. Ramadhani, tumbo limejaa, binadamu huyo."

"Umelinganisha lililolala kwenye diski, bwana mhandisi. Lililo hai hujaliona."

"Kwani si ndilo hilo hilo?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Aa, umeanza falsafa zako." Shawqi akageuka kutoka, kisha akasimama mlangoni akanusa hewa. "Nani kamwaga spiriti humu? Pananuka wodi."

Hakuna aliyemwaga kitu. Nirmin alikuwa ameisikia harufu ile kabla yake, spiriti na shuka lenye jasho, na alikuwa amejiambia ni dawa ya kufutia meza.

Akarudi kwenye sehemu ya thelathini na moja. Jina lake liliandikwa jedwalini kama mengine yote, kwa utaratibu, bila haya. Liliitwa *dastur*.

Neno hilo Nirmin alinyonya nalo. Bi Galila, mama yake, hakumwaga maji ya moto kwenye tundu la bomba bila kusema "dastur", wala hakufungua chumba kilichofungwa siku nyingi, wala hakuruka dimbwi la maji machafu mtaani. Maana yake: ruhusa, wakubwa, napita, msije mkasema sikuwaambia. Sisi Waswahili tulilichukua neno lilo hilo tukalifanya desturi, mazoea ya watu, tukasahau kwamba lilikuwa hodi. Nirmin naye alikuwa akimcheka mama yake. "Mama, kwenye bomba hamna mtu, mna mende." Na mama hujibu, "Na mende wana wenyewe, mwanangu."

Akaifungua sehemu ile. Safu kwa safu za sifuri, na katikati ya sifuri, herufi za Kiarabu zilizosomeka bila taabu: *hukusema*.

Nyuma ya kabati la vikombe kengele ikalia. Sauti tatu laini, zinashuka. Ilikuwa kengele ya wodi, na wodi iko ng'ambo ya mto.

Nirmin alifanya wanachofanya wasomi wakiogopa: akaendelea na kazi. Alililinganisha faili lililo hai na lile la diski, baiti kwa baiti, chembe ndogo kabisa za faili, maelfu kwa maelfu, na yakalingana yote isipokuwa mahali pamoja, baiti moja, mlangoni hasa mwa sehemu inayopiga kengele. Baiti hiyo aliijua kama anavyoijua sura yake. Ilikuwa mtego. Ukitaka kuisimamisha programu mahali fulani uitazame, kikaguzi huondoa baiti moja ya kweli na kuweka mtego badala yake. Programu ikikanyaga, inaganda, unaitazama, kisha unairudishia baiti yake inaenda zake. Mtu mwenye adabu ya kazi hutegua mitego yote kabla ya kuondoka. Huyu hakutegua.

Na programu ile ilikuwa imeandikwa isife. Ikikanyaga kitu kibaya, inaruka inarudi mwanzo na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo jioni ile iliandika daftarini "kengele imepigwa", ikainua mguu kwenda kuipiga, ikakanyaga mtego, ikarudi mwanzo, ikasahau. Tahani alikuwa amesema kweli tupu.

Nirmin alipiga makofi. Namtendea haki: alifurahi, kwa ajili ya mwanamke asiyemjua. Furaha ile ilidumu mpaka alipojiuliza mtego aliuweka nani.

Ishirini na tatu Ramadhani, robo tatu ya saa kabla ya magharibi. Hospitali ilikuwa imelalamika kwamba kengele inachelewa, naye akawa anaitafuta hitilafu akidhani yuko kwenye kompyuta ya mazoezi, ambayo jina lake na la kompyuta ya wodi yalitofautiana kwa tarakimu moja. Kichwa kinagonga kwa kukosa chai. Mama kwenye simu, amepika mahshi, wali uliofungwa kwenye majani ya zabibu: "Mahshi yanapoa, roho yangu, na magari yatakwisha." Saa ile hakuna aliyefunga Kairo anayemaliza alichokianza, mji mzima hukimbia kama umeambiwa una moto, fundi huacha bomba wazi, kinyozi humwacha mtu na nusu ya ndevu. Nirmin alifunga kifuniko cha laptopu na kila kitu kikiwa wazi ndani yake, akashuka ngazi mbili mbili. Kesho yake alikuta mawasiliano yamekatika, akaanza upya kwenye kompyuta iliyo sahihi, na mpaka leo hii hakuwa amejua kwamba ile ya jana haikuwa yenyewe.

Ningependa kukuambia kwamba aliinuka pale pale akaenda kwa mwendesha mashtaka. Hakuinuka. Alinakili kila alichokisoma kwenye flashi, akaitia flashi mfukoni, akaandika kichwa cha ripoti, tarehe, jina lake, na akasema kesho. Bingwa wa Kairo nzima, na aliyemuua mwalimu ni yeye. Kesho ikaja, akasema Jumapili. Mwanamke mwingine alikuwa akihesabu nyufa za dari ya mahabusu, na huyu anatafuta maneno mazuri ya kujiandikia kosa.

Yule aliyekuwa ndani hakuwa na haraka, lakini hakunyamaza. Kila Nirmin alipoisoma sehemu ya thelathini na moja alikuta maneno mapya. *Uliacha wazi.* Siku ya pili: *nikaingia.* Siku ya tatu: *Tahani leo amekataa chakula.* Na siku ya nne, saa sita mchana, ofisi imejaa watu wanaocheka na kulamba vidole: *mtoto wake mdogo ameanza kukojoa kitandani, nikuhesabie ni mara ngapi?* Nirmin aliizima kompyuta yake, na hata baada ya kuizima kengele ililia, chini ya meza, karibu na goti lake, na aliponyanyuka ikalia kwenye ngazi mbele yake, na alipofika mtaani, kati ya honi na wauza matikiti na redio za maduka, ilikuwa ikilia hatua tatu nyuma ya kisigino chake, laini, na subira, kama kitu kinachojua kwamba mtu huyu hana pa kwenda ila nyumbani.

Nyumbani Bi Galila alikuwa anachuja makaroni. Aliinamisha sufuria juu ya tundu la bomba, akasema kama kawaida yake, "Dastur."

Tundu likamjibu. Sauti tatu, zinashuka.

Bi Galila hakupiga kelele. Aliiweka sufuria chini polepole, akajifuta mikono kwenye kanga ya jikoni, akamgeukia binti yake aliyesimama mlangoni na viatu miguuni.

"Umeniletea nani nyumbani kwangu?" akanong'ona.

"Mama, usiniulize."

"Nanena na wewe, Nirmin. Miaka arobaini nasema na hawa, hawajawahi kunijibu. Umeniletea nani?"

Akamweleza. Alimweleza yote, wamekaa sakafuni jikoni, migongo imeegemea friji, wakinong'ona kama wezi: kompyuta mbili zenye majina ya kufanana, mahshi, kifuniko cha laptopu, mwalimu, Tahani. Bi Galila alisikiliza mpaka mwisho huku amemshika mkono.

"Uliingia mahali penye kazi ya roho za watu, hukupiga hodi, na ukatoka bila kufunga," akasema. "Sawa. Limeshakuwa. Vaa twende kwa mwendesha mashtaka sasa hivi."

"Nitakwenda, mama. Wallahi nitakwenda. Lakini kwanza huyu aondoke. Kengele hii ikilia siwezi hata kushika kalamu."

"Kwanza mwanamke atoke, ndiyo huyu aondoke. Ndivyo ilivyo."

"Mama, nakuomba."

Na mama ni mama. Angemshikilia siku ile angemwokoa, lakini alimhurumia. Huruma ya mama imeponza wengi kuliko ukali wake.

Alimjua Bibi Inshirah, mwanamke wa zari, mpunga majini wa mtaa wa Sayyida Zeinab, mwenye nyonga mbovu na meno mawili ya dhahabu. Walikwenda naye ofisini siku ya Ijumaa adhuhuri, jengo tupu, kila mwanamume yuko msikitini na Shawqi akiwa safu ya mbele. Lifti ilikuwa imekufa. Bibi Inshirah alipanda ghorofa nne akimlaani mwenye jengo, mjenzi wa jengo na aliyebuni ngazi, akaketi kwenye kiti cha Shawqi, akawasha ubani.

"Haya, mdomo wake uko wapi?"

"Hapa kwenye kioo, bibi. Ukiuliza, nami nikisoma upya, maneno hubadilika."

"Nimewatoa masultani wa majini kwenye mbavu za wake wa mawaziri, leo naitiwa televisheni." Akacheka peke yake, kisha uso ukakaza. "Sikilizeni ninyi wawili. Bwana mkubwa hafukuzwi kama paka. Huulizwa anataka nini, anawekewa mpaka, anapewa mahali pa kwenda. Bila mpaka hatujafanya kitu. Binti, soma. Muulize jina."

Nirmin alisoma. Vidole vilikuwa baridi juu ya vitufe ingawa feni ilikuwa inasukuma hewa ya moto.

"Anasema, *mwenye mlango*."

"Anataka nini atoke?"

Hotuba ya Ijumaa ilikuwa ikisikika kutoka kwenye spika za msikiti, kisha haikusikika. Nirmin alisoma tena.

"*Kumbukumbu ya siku ile.*"

"Siku ipi?"

"Ishirini na tatu Ramadhani. Ndiyo hii, bibi, iko hapa, programu yenyewe ikiwa hai, na nakala yake iko kwenye flashi. Hakuna nyingine. Anataka niifute."

"Ukiifuta, yule muuguzi utamtoa kwa nini?" akauliza Bi Galila kwa sauti ndogo.

"Kwa ulimi wangu, mama. Ulimi ninao. Nitasema ni mimi."

"Ngoja, ngoja." Bibi Inshirah aliinua mkono. "Muulize kumbukumbu ya nani. Siku moja ina watu wengi. Muulize ya nani, na akishaichukua anakwenda kukaa wapi. Usimpe kitu mpaka ajibu."

Nirmin alifungua kinywa kuuliza, na hapo kengele ikaanza, si moja sasa, ikalia chini ya meza yake na ya jirani yake na ya jirani wa jirani, kwenye simu zilizozimwa, kwenye feni, ndani ya kabati ambamo vikombe vilianza kugongana, sauti tatu zinashuka na kabla hazijafika chini tatu nyingine zimeanza, na harufu ya spiriti na shuka ikajaa mpaka ubani ukawa kama hauna harufu, na kwenye kioo, bila yeye kugusa kitu, safu za sifuri zikawa zinageuka kuwa majina, Labib, Labib, Labib, na katikati ya majina pumzi ya mtu mzee inatafuta hewa haipati, karibu kabisa na sikio lake, inatafuta haipati, na yeye anajua ni dakika ngapi itatafuta kwa sababu ameisoma ripoti ya daktari, na anajua itakapokoma itaanza upya.

"Chukua!" akapiga ukelele. "Ichukue siku ile! Dastur, dastur, chukua uende utakako!"

Neno ambalo hakulisema maisha yake yote alilisema hapo, mara mbili, na hakuliwekea mpaka. Akaizima programu ya wodi kwa amri moja. Akaifuta nakala. Flashi akaichomoa akaivunja kwa kisigino cha kiatu.

Kimya. Spika za msikiti zikarudi, imamu anasoma Alhamdu. Hewa ilinuka ubani na vumbi tu. Nirmin alilia kwa nafuu, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, lakini Bibi Inshirah alikuwa anakusanya vitu vyake bila kumpa mtu pole wala hongera.

"Bibi, ametoka?"

"Ametoka. Ulimpa ruhusa ya kwenda, hukumwambia asiende wapi." Akajifunga mtandio. "Nisaidieni ngazi hizi."

Jioni ile walikula vizuri kwa mara ya kwanza katika siku nyingi. Nirmin alimega mkate, akasema, na alikuwa anasema kweli kabisa:

"Jumapili asubuhi naenda kwa mwendesha mashtaka. Hata wakinifunga. Nitasema mtego niliuweka mimi."

"Mtego gani, mwanangu?" akauliza Bi Galila.

"Mama. Wa kwenye kengele. Siku ile ya Ramadhani, uliponipigia kuhusu mahshi."

Bi Galila akamtazama, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayesaidia mgonjwa kukumbuka.

"Roho yangu, mimi nikupigie simu ya nini? Siku ile ulikuwa hapa tangu adhuhuri. Si tulikaa pamoja pale tunafunga majani ya zabibu? Ulijikata hata kidole nikakitia kahawa damu ikakata. Umesahau?"

Nirmin akakitazama kidole chake. Hakikuwa na kovu. Mama alikuwa anakula, hana wasiwasi, ameikumbuka siku nzuri.

Jumapili alianza na Shawqi. "Ishirini na tatu?" Shawqi alifikiri kwa haki. "Ulikuwa likizo, mhandisi. Nakumbuka kwa sababu nilikuhitaji nikakukosa." Shawqi akidanganya hupangusa miwani, ofisi nzima inajua. Hakuigusa miwani. Mwendesha mashtaka naye alimsikiliza dakika kumi, akauliza ushahidi, akaambiwa programu imezimwa kinyume cha amri na nakala imevunjwa kwa kisigino. Akapiga simu kwa Shawqi, akapiga kwa Bi Galila, akaweka kalamu chini bila kuandika neno. Hakumfungulia kesi hata ya kuizima ile programu. Alimwambia huruma ni kitu kizuri, na kwamba akapumzike.

Siku tatu baadaye wakili wa Tahani alimpatia kibali cha kuonana naye. Walikaa pande mbili za waya, askari wa kike kando yao, na Tahani katika nguo nyeupe za mahabusu, mikono imetulia juu ya magoti. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha. Nirmin alisema yote kwa mfululizo, hakujipunguzia, alikuwa ameona aibu ya kutosha kiasi kwamba haikuwa na uzito tena. Kompyuta ya wodi. Baiti moja. Mimi. Kengele haikulia, Tahani, na mtu wa pekee duniani anayejua hivyo pamoja nami ni wewe, tutasema sote wawili, watatusikia.

Tahani alimwacha amalize.

"Ahsante, dada," akasema. "Umenijia na kheri. Lakini kengele ililia."

"Haikulia."

"Nami niliapa hivyo. Miezi miwili, niliwaapia watoto wangu. Halafu Ijumaa hii iliyopita, adhuhuri, nilikuwa nafua, nikakumbuka. Yote kwa mara moja." Alizungumza taratibu, kama anayemkabidhi mwenzake zamu. "Sauti tatu, zinashuka. Nilikuwa na glasi ya juisi ya aprikoti mkononi, imebaki nusu. Nikatazama taa ya kitanda cha saba. Nikasema, nimalize kwanza. Nikaimaliza, dada. Nakumbuka hata utamu wake."

"Hiyo si yako! Umetiwa! Hiyo kumbukumbu si yako, Tahani, ni mimi niliyempa, nilisema achukue, sikuuliza ya nani..."

Askari alisogea. Nirmin alikuwa ameushika waya kwa vidole vyote na kuutikisa, anasema haikulia, haikulia, mpaka maneno yakapotea yakabaki pumzi tu.

"Nimeshaandika kwa mkono wangu na kutia saini jana," Tahani akasema. "Sasa nalala. Nenda kwa mama yako, usijitwike dhambi ya mtu."

Kisha alimwangalia Nirmin vizuri, midomo, macho, kifua kinavyopanda na kushuka, muuguzi wa miaka kumi na saba kazini, na akamgeukia askari.

"Mletee dada huyu maji," akasema, "na mkalishe chini kabla hajaanguka."